Ukienda Marangu Krismasi, tarehe 26 usitoke nyumbani

Mimi ni mtu wa Tanga niliyeolewa Marangu, na Desemba hii itakuwa ya tisa kupanda Kilimanjaro kula Krismasi ukweni. Kila ikifika Novemba wadogo zangu wanaanza kupiga simu, na rafiki zao ambao nao wameoa au wameolewa Uchagani: dada, tuondoke lini, tubebe nini, watoto tuwatembeze wapi? Nimeona niyaandike yote mahali pamoja.

Safari ndiyo inayowaumiza wengi. Dar hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500, na wiki ile utadhani Wachagga wote wameambizana wasafiri siku moja. Mwaka wetu wa kwanza tulikata tiketi kwa mtu wa kati, tukafika stendi alfajiri ya tarehe 23, mtoto mgongoni, tukakuta viti vyetu vimekaliwa na watu wenye tiketi za namba zilezile. Yule aliyetuuzia hakupokea simu tena. Tulilala Dar, tukasafiri kesho yake kwa nauli ya kuumiza, tukafika ukweni usiku wa mkesha watu wameshalala. Tangu hapo nakata ofisini mwenyewe, mapema, ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, na naondoka tarehe 20 au 21. Nauli elekezi za LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, zisomeni kabla ya kutoa pesa. Na kama unakwenda Marangu, Mwika au Rombo, huna haja ya kufika Moshi mjini. Shuka Himo, uchukue gari la kupanda Marangu Mtoni. Mwaka wa kwanza tulipitiliza hadi mjini, tukalipa tena kurudi Himo.

Mizigo isiwe ya kujionyesha. Sukari, mchele, majani ya chai, miche ya sabuni, doti ya khanga kwa mama na blanketi zuri kwa mzee, basi, umeheshimu nyumba. Watoto wabebee sweta. Desemba kwetu Tanga ni joto la kulowesha shati, lakini Marangu usiku ni baridi, na vuli ikichelewa kuisha njia za migombani zinakuwa tope tupu. Viatu vya kung'aa weka kwa ajili ya kanisani tu.

Tarehe 24 ni siku ya nyama na ndizi. Majirani wanakuwa wamechangiana ng'ombe au mbuzi, na nyama inagawanywa juu ya majani ya mgomba. Mgeni usikimbilie kukata wala kuchagua, kwa sababu kila kipande kina mwenyewe. Mimi niliwahi kukisogeza kidari kwenye sufuria yangu, wifi yangu akanishika mkono taratibu: "Hicho cha mzee, dada."

Jikoni nenda, hata kama hujui. Mama mkwe alinipa kigoda, kisu na mkungu wa mshare, ndizi za mtori. Nilimenya tatu tu, vidole vikawa vyeusi na kunata. Akamimina mafuta ya kula kidogo kwenye kiganja changu akaniambia nijipake mikono yote miwili kabla ya kugusa ndizi nyingine. Utomvu hauwezi kushika mkono wenye mafuta. Mifupa ilikuwa inachemka tangu asubuhi. Ndizi zikaingia humo, zikaiva hadi kulegea, nyama ikatolewa pembeni, kisha mwiko ukaponda mpaka ukawa uji mzito, na nyama ikarudi. Yale masaa matatu jikoni yalinifanya mtoto wa ile nyumba kuliko zawadi yoyote niliyopeleka. Mbege, ile pombe ya ndizi, ikizungushwa kwenye kata na wewe hunywi, pokea kwa mikono miwili, shukuru, mpe wa jirani. "Aika" ndiyo asante yao, na wazee wanafurahi sana kuisikia kwa mgeni.

Kanisani tarehe 25 nenda na noti ndogondogo. Kwenye usharika wetu wa KKKT, ibada ikiisha kuna mnada nje wa sadaka zilizoletwa kwa mazao: mikungu, mayai, maziwa, kuku. Mtu ananunua jogoo, analirudisha liuzwe tena, mara nyingine hata mara tatu, na pesa inaongezeka. Wape watoto wako wanyooshe mkono na kununua kitu. Wangu waliondoka na mayai manne, wakayabeba kama dhahabu hadi nyumbani.

Sasa tarehe 26, ambayo ndiyo sababu ya makala hii. Mwaka ule wa kwanza tulikuwa tumebakiza siku moja, nikataka watoto waogelee. Tukakodi gari alfajiri kwenda Kikuletwa, wengi wanapaita Chemka, huko upande wa Boma Ng'ombe. Maji ni mazuri kweli, ya buluu, unaona mizizi ya miti hadi chini. Lakini siku ya Boxing Day watu wamejaa hadi hakuna pa kuweka kandambili. Tulirudi jioni. Kibarazani nikakuta ndoo yenye vikonyo vya isale, ule mmea wa majani marefu wanaopanda makaburini na kwenye mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo. Baba mkwe alikuwa amevikata asubuhi. Alitaka wajukuu wapande kwenye kaburi la mama yake, kisha awatembeze awaonyeshe kihamba kinaanzia wapi na kuishia wapi. Ndugu wengine walifika, wakakaa kikao cha ukoo, wakazungumzia ada za watoto wa marehemu kaka yao, wakatawanyika. Sisi hatukuwepo. Mzee hakunilaumu. Alisema tu, "Tutapanda kesho," na tiketi zetu zilikuwa za kesho yake alfajiri.

Kwa hiyo usipange matembezi tarehe hiyo, na usikate tiketi ya kurudi kabla ya tarehe 29. Ukitembea kuanzia tarehe 27, kila mahali kumepungua watu. Karibu kabisa ni maporomoko ya Kinukamori, kiingilio ni kidogo na hata bibi anaweza kwenda nanyi. Ziwa Chala kule Rombo, ambalo nusu yake ni ya Kenya, ni la kutazama kutoka juu. Mteremko wake ni mkali, na kuogelea sikushauri. Wenye watoto wakubwa wanaweza kulipia matembezi ya siku moja kutoka lango la Marangu hadi kituo cha Mandara, mita 2,720, katikati ya msitu. Ondokeni mapema, bebeni makoti ya mvua. Na kuiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na theluji yake hakuhitaji kiingilio: waamsheni watoto kabla jua halijachomoza vizuri, wasimame uani, kwa sababu saa tatu mawingu yanakuwa yameshaufunika mlima.

Ile isale tuliipanda mwaka uliofuata. Binti yangu alishika kikonyo, babu yake akashindilia udongo kwa kisigino, halafu wote wawili wakatembea kuufuata mpaka wa kihamba, yeye akihesabu mimea na babu akimtajia majina ya walioipanda. Waliporudi chakula cha mchana kilikuwa kimepoa, na hakuna aliyewauliza walikuwa wapi.

Siku ya kuondoka acha nafasi kwenye buti. Mama atakuja na mkungu, hata ukimwambia gari limejaa.