Kwa anayeanza kuchunguza saa ya mwili na ukarabati wa DNA

Anayeingia maabara kwa mara ya kwanza kuchunguza jinsi seli za binadamu zinavyokarabati DNA huwa amejiandaa kwa mengi: kipimo cha mionzi, usafi wa vifaa, ubora wa kingamwili. Jambo ambalo aghalabu halimjii akilini ni saa aliyozigusa seli zake mara ya mwisho. Mimi lilinigharimu miezi mitano, nami naliandika hapa ili lisikugharimu wewe.

Nilikuwa na fibroblasti za ngozi, yaani seli za tishu unganishi, katika sahani nyingi. Nusu nilizitia deksamethasoni, dawa ambayo huzifanya saa za seli zote katika sahani, yaani midundo yao ya ndani ya karibu saa 24, kuanza pamoja, kwa maana bila hivyo kila seli hufuata majira yake na mawimbi yao hufutana. Nusu ya pili nilizibadilishia tu kioevu cha lishe, bila dawa, nikiamini kwamba hizo ndizo za kulinganishia. Matokeo yakatoka, na makundi yote mawili yalikuwa yakipanda na kushuka kwa mzunguko wa karibu saa 24. Nilidhani dawa imeharibika, nikaagiza nyingine. Mambo yakawa yaleyale. Mwishowe mwenzangu aliyenitangulia kazini aliniuliza swali moja tu: je, hizo ambazo hukuzitia dawa, ulizigusa?

Nilizigusa, naam. Tangu mwaka 1998 inajulikana, kutokana na kazi ya maabara ya Ueli Schibler huko Geneva, kwamba fibroblasti za panya zilizokuzwa kwa miaka mingi nje ya mwili zinaweza kurudisha mdundo wa saa zikipewa serumu (majimaji ya damu yasiyo na seli) nyingi ya farasi kwa saa mbili. Kioevu kipya chenye serumu hufanya kazi hiyohiyo kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo sahani zangu za kulinganishia zilikuwa nazo zimewekewa saa, tena kwa mkono wangu mwenyewe. Siku hizi huwa na sahani ambazo haziguswi kabisa kwa siku kadhaa kabla ya jaribio, pamoja na seli ambazo jeni ya saa imeondolewa, nazo hupitishwa katika kila hatua ambayo wenzao wanapitia.

Katika hilo la kuondoa jeni nalo kuna mtego, na ili uuone ni lazima ujue saa yenyewe inavyoenda. Protini mbili, CLOCK na BMAL1, hushikana na kuwasha jeni za PER na CRY. Protini za PER na CRY hulimbikizana, hurudi ndani ya kiini na kuzizima zile zilizoziwasha. Kisha nazo huvunjwavunjwa, na mzunguko huanza upya. Sasa, CRY ni ndugu wa fotolaiasi, kimeng'enya ambacho hutumia mwanga wa buluu kurekebisha madhara ya mionzi ya urujuanimno katika DNA ya bakteria, mimea na wanyama wengi. Sisi binadamu hatuna fotolaiasi, na CRY zetu hazirekebishi DNA. Zimebaki na kazi ya saa. Aziz Sancar, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2015 pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich, alianzia kwenye fotolaiasi na akafika kwenye saa ya mwili kwa njia hii ya udugu wa protini. Ninachotaka ukikumbuke ni kwamba jeni za saa zina kazi nyingine pia, BMAL1 ikiwemo, na ukiondoa moja tu huwezi kusema kwa uhakika kwamba badiliko uliloliona limeletwa na kukosekana kwa mdundo. Ondoa ya upande wa kuwasha katika seli hizi, na ya upande wa kuzima katika seli zile, kisha uzilinganishe.

Uhusiano wa saa na ukarabati unaofahamika zaidi unapitia kwa XPA, mojawapo ya protini ambazo hutambua sehemu ya DNA iliyopinda na kuwezesha kipande cha nukleotidi (herufi za DNA) zipatazo 24 hadi 32 kukatwa na kujazwa upya. Mwaka 2009 maabara ya Sancar ilionyesha kwamba katika ubongo wa panya ukarabati wa aina hii hupanda na kushuka ndani ya siku, na baadaye hali hiyo ikaonekana katika ini, lakini haikuonekana katika korodani. Hilo la korodani nalipenda kuliko yote, kwani linatuonya tusidhani kwamba kila tishu inafuata mdundo uleule.

Jambo linalowachanganya wageni wengi zaidi ni kwamba ukarabati wenyewe huchukua muda, na saa haisimami kuusubiri. Mionzi ya urujuanimno huacha madhara ya aina mbili kuu. Moja, inayoitwa 6-4, huondolewa na seli za binadamu ndani ya saa chache. Nyingine, ambamo herufi mbili jirani za DNA, hasa thaimini, hufungamana kwa pete, huweza kubaki kwa zaidi ya siku nzima. Ukipima hii ya pili ukasema umepima ukarabati wa alfajiri, unajidanganya, kwa sababu kabla haijaisha saa ya seli imeshazunguka duara zima. Anza na 6-4. Na badala ya kupiga mionzi sahani moja baada ya nyingine kwa siku mbili mfululizo, ziwekee sahani saa kwa nyakati tofauti, kila baada ya saa nne, kisha zipige zote kwa pamoja na uzivune kwa pamoja. Kwa njia hiyo taa ni ileile, kioevu ni kilekile, na uchovu wako ni uleule kwa zote. Na uchovu, niamini, ni kigezo halisi saa tisa za usiku.

Mambo madogo nitayapitia haraka. Mfuniko wa plastiki huzuia mionzi ya nanomita 254, na kioevu cha lishe huifyonza, basi ondoa vyote viwili kabla ya kuwasha taa, na zile zisizopigwa mionzi zifanyie vivyo hivyo. Tumia seli zilizojaa sahani na kuacha kugawanyika, la sivyo utakuwa ukipima mzunguko wa ugawanyikaji huku ukidhani ni saa. Usifungue inkubeta, kabati la joto linalotunza seli, ovyo: kasi ya saa haibadiliki sana kwa joto, lakini joto linalopanda na kushuka huisogeza mbele au nyuma. Weka pia sahani ya pembeni yenye lusiferasi, kimeng'enya kinachotoa mwanga, iliyounganishwa na jeni ya saa, ili ung'avu wake ukuonyeshe kama mdundo upo kweli.

Watu wa nje watakuuliza ni saa ngapi inafaa kuota jua. Chanzo cha swali hilo ni jaribio la 2011 ambamo panya waliopigwa mionzi saa kumi alfajiri, wakati XPA iko chini, walipata saratani nyingi za ngozi, takriban mara tano ya wale waliopigwa saa kumi jioni. Panya hukesha usiku na sisi hulala, hivyo hata mwelekeo wa jibu hauwezi kunakiliwa. Mimi huwajibu kwamba seli zangu ziko gizani ndani ya inkubeta na hazijui jua ni nini.

Mwisho, daftari. Watafiti wa fani hii huhesabu saa, kwa wanyama, kuanzia taa za chumba chao zinapowashwa, na kwa seli za sahani, kuanzia zilipowekewa saa. Anayesoma saa kwa Kiswahili hapati shida na wazo hilo, maana saa moja yetu nayo huhesabiwa tangu mapambazuko. Shida ni kuchanganya. Niliwahi kuandika "saa 4" katika ukurasa mmoja nikimaanisha saa nne asubuhi, na katika ukurasa uliofuata nikimaanisha saa nne tangu kutia dawa, na data ya wiki ile sikuweza kuitumia. Andika zote mbili, kila mstari, pamoja na saa uliyofungua mlango wa inkubeta.