Maji yaliyoingia shambani Nyakach hayatoki Siberia

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu na nina ekari mbili kando ya ziwa, Nyakach. Maji yaliingia shambani mwaka 2020, yakarudi 2024. Dalali mmoja alisimama kwenye baraza la chifu akatuambia kwamba ardhi iliyoganda ya Siberia inayeyuka na maji yake ndiyo yanayojaza Ziwa Victoria, hivyo tuuze mapema. Ana ramani. Je, ni kweli?

Jibu: Si kweli, Mwalimu, na usiuze shamba kwa sababu hiyo. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayolinyeshea lenyewe. Mito mikubwa ya Siberia humwaga maji yake katika Bahari ya Aktiki. Hakuna njia ya kuyapandisha kutoka huko hadi Nyanza.

Kinachonichosha, baada ya miaka mingi ya kufundisha sayansi ya udongo, ni hilo neno “inayeyuka”. Watu wakisikia habari za ardhi iliyoganda, ambayo wataalamu huiita pamafrosti, huwaza jabali la barafu. Pamafrosti ni ardhi yoyote, iwe udongo, changarawe au mwamba, iliyobaki katika nyuzijoto 0 za Selsiasi au chini yake kwa angalau miaka 2 mfululizo. Mfikirie samaki mbuta aliyewekwa kwenye friza pale sokoni, kisha stima ikapotea siku tatu. Hageuki ndoo ya maji: hulainika, huchuruza kidogo, halafu huanza kunuka, na tatizo la pamafrosti liko katika huko kunuka.

Udongo wa kaskazini umehifadhi mizizi, majani na mizoga ya maelfu ya miaka ambayo baridi iliizuia kuoza, na kaboni iliyomo hukadiriwa kuwa tani bilioni 1,400 hadi 1,600, karibu maradufu ya ile iliyoko angani. Tabaka la juu hulegea kila kiangazi na kuganda tena majira ya baridi; joto la dunia linapoongezeka, tabaka hilo hushuka kina zaidi, na bakteria huanza kula akiba ile. Penye hewa hutoa kabonidioksidi. Penye maji yaliyotuama hutoa methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 huongeza joto takriban mara 28 kuliko kabonidioksidi ya uzito uleule. Kweli, ziko sehemu ambazo udongo umejaa barafu, na hapo ardhi hudidimia, kuta hupasuka na miti huegemeana kama watu waliotoka kunywa busaa. Huko Batagaika, katika eneo la Yakutia, Siberia, ardhi imeporomoka na kuacha shimo lenye urefu wa kama kilomita 1. Hata hivyo, maji yake hubaki katika vidimbwi vya hukohuko au hufuata mito kuelekea Aktiki.

Dalali wako ana ndugu zake. Yuko anayetangaza kwamba methani yote italipuka siku moja, ilhali gesi hizi hutoka kwa miongo na karne. Na yuko anayeonyesha picha za theluji nyingi kuthibitisha kwamba ardhi ile iko salama, asijue kwamba theluji nene ni blanketi linalozuia joto la ardhini lisitoke. Joto la pamafrosti hupimwa kwa vipimajoto vilivyoshushwa katika mashimo marefu na kuachwa humo miaka mingi. Anayekuletea habari zake pamoja na bei ya shamba lako hajapima chochote.

Shamba lako laweza kufurika tena, sikufichi, kwa kuwa kila nyuzijoto 1 inayoongezeka huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvua kubwa huwa kubwa zaidi. Tia alama ukutani pale maji yalipofika 2020 na 2024, umwite mpima ardhi mwenye leseni akupimie mwinuko wa alama hizo na wa shamba lote, kisha umwombe dalali aonyeshe vipimo vya mwinuko alivyotumia kuchora ramani yake.