Soya mbichi ilivyodumaza sato wangu

Kilichonifanya nipunguze dagaa kwenye chakula cha samaki ni mchanga. Nilitia kiganja cha dagaa wa kulishia mifugo kwenye glasi ya maji, nikakoroga, nikaacha itulie. Chini pakabaki mchanga unene wa kidole. Dagaa wale walianikwa chini kabisa, ufukweni mwa ziwa, na mimi huku Chanika, mbali na ziwa, nikawa nanunua mchanga wa Mwanza kwa bei ya protini.

Bei yenyewe nayo haitulii. Siku moja nilimuuliza mama anayeniuzia, "Mama, mbona wiki hii umepandisha hivi?" Akacheka. "Mbalamwezi hii, baba, nani atavua?" Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mwezi ukipevuka, mzigo unapungua. Na hao wachache tunawagombania na wafuga kuku, achilia mbali wanaowataka kwa ugali.

Nikahamia soya, na hapo ndipo nilipoharibu. Niliipeleka mashineni ikasagwa mbichi, nikachanganya na pumba, nikalisha. Samaki walikula vizuri tu. Baada ya miezi miwili navuta wavu: sato wana vichwa vikubwa, migongo imekonda kama kisu. Nikamlaumu aliyeniuzia vifaranga (nimeshamwomba radhi). Kumbe soya mbichi ina vizuizi vinavyolifanya tumbo la samaki lishindwe kumeng'enya protini, na dawa yake ni moto. Siku hizi naichemsha nusu saa tangu maji yaanze kutokota, naianika ikauke kabisa, ndipo naisaga. Unaweza pia kuikaanga, ila moto uwe mdogo na mwiko usitulie. Ikinukia kama karanga, epua. Ukiiacha iwe nyeusi umeunguza laisini, ile sehemu ya protini uliyoifuata kwenye soya.

Soya peke yake haitoshi, maana ina upungufu wa methionini, sehemu nyingine ya protini. Mashudu ya alizeti yanayo, ila laisini yake ni haba, kwa hiyo kila moja linaziba pengo la mwenzake. Mashudu mengi ya mtaani yamejaa maganda meusi, nyuzi tupu, mimi nayachekecha. Yakiwa na harufu ya uvundo usinunue hata ukipunguziwa bei, hiyo ni njia ya sumukuvu. Ya pamba situmii kabisa kwa sababu ya gosipoli, sumu iliyomo kwenye mbegu zake.

Kwa kilo 10 naweka soya kilo 4, mashudu ya alizeti 2.5, pumba za mahindi 2, dagaa waliochekechwa 1, na nusu kilo ya unga wa muhogo niliousonga uwe uji mzito wa kugandisha. Kwa hesabu yangu inakuja kama asilimia 29 ya protini, inayowatosha sato wanaokuzwa. Vifaranga wadogo wanataka kama 40, hao bado nawanunulia cha dukani. Naongeza premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) na DCP (unga wa kalisi na fosforasi) kidogo, kwani fosforasi nyingi ya mimea imefungwa na samaki hawezi kuifungua.

Dagaa sijawaacha kabisa. Ile kilo moja ndiyo inayoleta harufu. Siku nilipoitoa, sato walikuja juu, wakaonja, wakatema. Na kama unafuga kambale usiige vipimo hivi. Yule hutegemea nyama zaidi kuliko sato, ongeza dagaa.

Mchanganyiko huo nautoa kama tambi kwa mashine ya kusagia nyama, nazianika juani. Hazielei, kwa hiyo naziweka kwenye sinia lililofungwa kamba, nalishusha majini, na baada ya nusu saa nalipandisha nione kilichobaki. Na kila mzigo mpya natia kwanza tambi mbili kwenye ile glasi yangu. Zikimeguka kabla sijamaliza chai, nazisaga upya na kuongeza muhogo.