Kabla ya kumchinja fahali "asiyezalisha", hesabu nyuma miezi miwili

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia akiwa amekata tamaa. Fahali wake ana nguvu na anapanda bila kusita, ila majike wanarudi joto, yaani wanataka dume tena bila kushika mimba, mmoja baada ya mwingine. Jirani zake wameshatoa hukumu: chinja. Moyo ulinichemka, maana maneno hayohayo niliambiwa mimi.

Fahali wangu nilimlea tangu ndama. Majike walipoanza kurudi, mfugaji niliyemheshimu sana alisema mbele ya watu kwamba nafuga pambo. Neno lile halijanitoka. Na wakati huo joto kali la jua lilikuwa limeshapita, malisho yamerudi, fahali amenawiri. Daktari wa mifugo alipompima mbegu alikuta nyingi zina kasoro za vichwa na mikia. Akaniuliza: miezi miwili iliyopita jua lilikuwaje?

Mbegu ya fahali hutengenezwa kwa siku 61 hivi, kisha hukaa wiki moja hadi mbili ikikomaa kabla ya kutoka. Korodani zinataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 6 chini ya joto la mwili. Ndiyo maana zinaning'inia nje, na mishipa iliyojisokota juu yake hupoza damu kabla haijaingia. Jua likishinda mfumo huo, mbegu zinazotengenezwa siku hizo huharibika, na hasara unaiona wiki kadhaa baadaye. Homa nayo hufanya vivyo hivyo. Nguruwe dume huumia upesi zaidi kwa kuwa jasho lake halimpozi. Kondoo na mbuzi wa nchi za mbali na ikweta wana jambo la ziada: korodani zao hujaa siku zinapofupika na kunywea zinaporefuka.

Nilikataa kumuuza. Nilimtenga na majike, nikampa kivuli chenye upepo na maji muda wote, nikasubiri vipimo vya pili. Vilikuja vizuri. Majike wakashika mimba, na yule aliyenicheka alikuja mwenyewe kuomba fahali ampandie ng'ombe wake. Nilimkubalia.

Wafugaji wenzangu, tubadilike! Kivuli tunampa ng'ombe wa maziwa, dume tunamfunga juani mchana kutwa, kisha tunamlaumu. Mpe kivuli. Wakati wa joto apande alfajiri au jioni. Kondoo dume mnyoe sufu ya kwenye mfuko wa korodani, kwa uangalifu. Tena nasema, kivuli! Na mbegu zipimwe kabla ya msimu wa kupandisha, siyo baada ya kupoteza msimu.

Kwako ndugu uliyeniandikia: mwite daktari ampime sasa, apimwe na magonjwa ya uzazi kama brusela, kisha arudie kipimo cha mbegu baada ya miezi miwili ya kivuli. Majike wanaotaka dume sasa wahimilishwe kwa mrija, yaani wawekewe mbegu za fahali mwingine. Kipimo cha pili kikiwa kibaya kama cha kwanza, hapo ndipo uzungumze habari ya kumuondoa.