Kuzuia mvua kwenye vidirisha vya boti bila kukosa hewa

Mkuu pole, hiyo hali uliyoulizia ya kuacha vidirisha wazi godoro linalowa, ukifunga kebini inanuka uvundo, ni kawaida kwa boti za tanga, na kwa mvua za Kyela za mwezi wa nne kufunga tu hakukusaidii. We weka vijipaa juu ya kila kidirisha. Chukua bomba la PVC la inchi 4, lipasue kwa urefu, kata kipande kizidi kidirisha kidogo huku na huku, piga msasa pale unapobandika, futa na spiriti ndo ugandishe na silikoni, maana ukibandika juu ya vumbi na mafuta kitabanduka mapema tu. Kiinamishe kidogo upande mmoja ili maji yateremkie pembeni, yasidondokee mbele ya tundu.

Halafu hapo Matema, ufukweni Ziwa Nyasa, si unalala kwenye nanga? Basi boti inajigeuza yenyewe kuelekea upepo, kwahiyo mvua nyingi inapiga mbele, funga vya mbele uache vya nyuma, na tanua turubai juu ya ule mti wa chini wa tanga, lifike mpaka mlangoni ili na mlango ubaki wazi, hewa lazima iwe na pa kuingilia na pa kutokea. Ukifunga boti gatini haigeuki, hapo uangalie upepo mwenyewe.

Ila ukiwa safarini na mwera, ule upepo wa kusini, umechachamaa funga vyote kabisa, vijipaa havizuii wimbi.