Kabla hujaukata mti wa kigong'ota

Uani kwetu kuna mti mkubwa tuliohamia tukaukuta. Tawi lake moja nene lilikauka, na kila kulipopambazuka kigong'ota alikuwa juu yake, ko-ko-ko. Nikaamini yeye ndiye anayeumaliza mti, nikamwita fundi aje aukate.

Fundi akabandua gome kwa ncha ya panga. Chini yake palikuwa na vijia vya mabuu, vimepindapinda na kujaa unga wa mbao. Wadudu ndio waliotangulia. Ndege alifuata chakula. Kwa hiyo ukimwona anadonoa sehemu moja siku nenda siku rudi, ichunguze sehemu hiyo hiyo.

Hatukuukata. Matawi makavu yaliyoelekea paa tuliyaondoa, na lile nene tukalifupisha, tukaacha kigutu kirefu upande usiopitwa na watu. Kigutu kinachoweza kumwangukia mtu kiondoe, hapo hakuna mjadala.

Miezi michache baadaye nikaona vibanzi vyeupe vimetapakaa chini. Nikakaa dirishani. Kigong'ota alishika shina kwa vidole viwili mbele na viwili nyuma, mkia wake mgumu ukimwegemeza. Akaingia tunduni, akatoa kichwa, mdomo umejaa vibanzi, akavitupa huku na huku. Dume na jike walipokezana. Ndani hawatandiki nyasi wala majani. Mayai, meupe pe, hulala juu ya vibanzi vilivyobaki. Walipohama, wakaingia ndege wengine wasioweza kuchimba tundu lao wenyewe. Mti mchanga hauna nafasi ya nyumba kama hiyo, shina lake bado ni jembamba.

Tundu usilizibe kwa saruji. Saruji hufungia unyevu ndani na kuoza kunaendelea. Wala usimwage zege kuzunguka shina: mizizi mingi inayonyonya maji iko karibu na uso wa ardhi, na huenea kupita kivuli cha matawi. Ukikata tawi, bakiza ule uvimbe wa shingo yake, pale tawi linapoungana na shina, maana ndio unaofunga kidonda. Na kabla ya msumeno, litazame tundu asubuhi, hata nusu saa. Makinda husikika mzazi anapoleta chakula.

Kigong'ota akihamia kugonga bati au bomba, hatafuti mdudu. Hiyo ni ngoma yake ya kumwita mwenzi na kutangaza eneo, ya haraka, isiyo na vibanzi. Mvumilie, msimu wa kuzaliana ukipita hupungua.