Kipanya kikirukaruka, usikimbilie kufuta Linux

Kwa wiki mbili nilitafuta mchawi kila mahali isipokuwa pale alipokuwa. Kipanya changu kisicho na waya kilikuwa kikifanya kazi vizuri tu, halafu ghafla mshale unaganda, unaruka upande wa pili wa skrini, kisha unatulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikabadilisha betri. Nikasasisha kerneli, ule moyo wa mfumo wa Linux unaoongea na vifaa, nikarudisha ya zamani. Nikazima ule utaratibu wa kulaza vifaa vya USB ili kuokoa umeme. Mwisho, kwa hasira, nikafuta mfumo wote na kuweka distro nyingine, yaani toleo jingine la Linux. Mshale ukaendelea kuruka, safari hii juu ya picha mpya ya mandhari.

Siku hizi kitu cha kwanza ninachofanya ni kufungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, na kuandika `sudo dmesg -w`, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, kisha naiacha wazi pembeni nikiendelea na kazi. Kerneli ikiona kifaa kimechomekwa, kimechomoka au kimegoma, mstari mpya unatokea palepale. Nilipofanya hivyo kwa kipanya, mshale uliruka weee, lakini terminali haikusema neno. Ukimya huo ulinisaidia kuliko wiki mbili za kubahatisha. Kile kidude cha kipanya kinachochomekwa kwenye USB kama kingekuwa kinakatika, ningeona maneno "USB disconnect". Hayakuwepo. Basi kidude na kompyuta hawakuwa na ugomvi. Kilichokuwa kinapotea ni mawasiliano ya hewani, kati ya kidude na kipanya chenyewe.

Nikachukua karatasi. Kila mshale ukiruka, naandika saa na nilichokuwa nafanya. Siku ya tatu karatasi ilikuwa na mistari sita, na mitano kati yake ilisema "nanakili faili". Nilikuwa nanakili kwenye diski ya nje ya USB 3, iliyochomekwa tundu la jirani kabisa na kidude cha kipanya. USB 3 ikiwa kazini hutoa kelele za redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, na huko ndiko vipanya vingi visivyo na waya vinakoongea. Intel walilieleza jambo hili tangu 2012, kwa hiyo si siri. Mimi tu ndiye sikuwa najua. Nilinunua waya mfupi wa kurefusha USB, nikakileta kidude juu ya meza, mbali na diski. Tatizo likaisha siku hiyohiyo. Wi-Fi ya 2.4 GHz na Bluetooth nazo husumbuliwa vivyo hivyo, kwa hiyo spika zako zikikatakata wakati wa kunakili, angalia nani kakaa jirani na nani.

Diski ya ndani nayo iliwahi kunitisha. Kompyuta inaganda nusu dakika, kisha inaamka. Safari hii dmesg ilikuwa na la kusema: "hard resetting link", tena na tena. Nikaenda kwa `sudo smartctl -a /dev/sda`, amri inayotoa ripoti ya afya ya diski, nikitarajia msiba. Sekta mbovu zilikuwa sifuri, ila kipengele namba 199 cha ripoti hiyo, UDMA_CRC_Error_Count, kilikuwa na hesabu ya juu. Hiyo inahesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na madabodi (bodi kuu ya kompyuta), na mara nyingi mkosaji ni waya wa SATA, ule unaoviunganisha viwili hivyo. Nilibadilisha waya. Hesabu hiyo hairudi sifuri hata ukishatengeneza, kwa hiyo usishtuke kuikuta palepale. Cha kuangalia ni kama inaendelea kupanda. Yangu imesimama. (Fanya nakala ya faili zako kabla ya uchunguzi wowote wa diski. Hapo sina mjadala.)

Kompyuta inayojiamsha yenyewe usiku ni kesi nyepesi: `cat /proc/acpi/wakeup` itakuonyesha vifaa vyenye ruhusa ya kuiamsha, na mara nyingi ni USB, yaani kipanya kimeguswa na paka.

Inayonitoa jasho bado ni RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwa sababu haina dalili moja. Leo kivinjari kinajifunga, kesho faili lililobanwa linagoma kufunguka, keshokutwa mashine yote inaganda. Programu tofauti zikianza kuanguka bila mpangilio, siangalii programu tena. Nawasha memtest86+, programu ya kupima RAM, jioni na kuiacha hadi asubuhi. Ikionyesha makosa, natoa RAM zote, narudisha moja, naanza upya.